Je, Bibi Arusi Aliulizwa?

Mifano ambayo Biblia huitumia kueleza uhusiano wa Mungu na watu wake ni mingi. Yupo mchungaji na kondoo zake, mfalme na raia zake, baba na mwanawe, mfinyanzi na udongo wake. Kila mfano una kazi yake, wala hapana mmoja utoshao peke yake. Lakini kondoo hamchagui mchungaji. Raia hashauriwi mfalme azaliwe katika nyumba gani. Mwana hakuombwa ruhusa ya kuzaliwa. Na udongo hauna kinywa. Mfano wa posa na arusi watofautiana na hiyo yote kwa jambo moja: mchumba anacho kinywa. Aweza kusema ndiyo, na aweza kusema la. Basi kila mara manabii na mitume wanapomwita Mungu mposaji, na watu wake bibi arusi, hufungua mlango wa swali ambalo mifano mingine hailifungui, nalo ni hili: je, bibi arusi aliulizwa?

Swali hili si la wanazuoni peke yao. Kimana ni mji mdogo katika barabara itokayo Emali kwenda Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro, si mbali na mbuga ya Amboseli. Mmasai mwenye ng'ombe hukutana hapa na Mkikuyu na Mkamba walimao nyanya na vitunguu kwa maji ya chemchemi, na Mchaga aliyevuka mpaka kwa biashara. Siku ya Jumapili mahubiri husikika mtaani, na moja ya habari zipendwazo sana na wahubiri ni hii ya Kanisa kuwa mchumba wa Kristo, amngojeaye siku ya mwisho. Katika benchi la nyuma ameketi msichana wa miaka 14. Pengine jina lake limekwisha kutajwa usiku katika mazungumzo ya wazee, na yeye hana habari. Akiambiwa kwamba Kanisa ni mchumba, ataelewa nini? Ataelewa kwa kadiri ya posa aijuayo. Ikiwa posa aijuayo ni kutolewa, basi Mungu atakuwa kwake ni mwenye kupewa watu, na wokovu utakuwa ni kunyamaza.

Na tuanze na maneno yenyewe, maana lugha yetu imetunza mambo mengi ambayo wengine huyatafuta katika kamusi nene. Neno mahari tulilipokea kutoka kwa Waarabu, na ndugu yake wa Kiebrania ni mohari, lililomo katika Torati. Arabuni nalo ni hivyo hivyo: Waebrania walikuwa nalo, Wayunani waliokota neno lilo hilo katika biashara, na Mtume Paulo akalitumia alipowaandikia Waefeso kwamba Roho Mtakatifu ni arabuni ya urithi. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1952 hawakuhitaji kuhangaika. Waliliandika arabuni, na mfanyabiashara wa soko lolote la pwani au la bara akaelewa. Ni ajabu pia kwamba Wayunani wa leo huliita tendo la kuchumbiana kwa neno hilo hilo.

Mnunuzi wa nyanya akiliona shamba zuri kabla halijavunwa humpa mkulima arabuni. Tangu saa hiyo nyanya si za kila mtu, wala bado si zake. Akiacha kurudi, fedha aliyoitoa imepotea. Kwa hiyo arabuni humfunga kwanza yule aliyeitoa. Wengi hudhani kinyume. Hudhani kwamba aliyepokea ndiye aliyefungwa na aliyetoa yu huru. Paulo hakusema hivyo. Yeye asema Mungu ndiye aliyetoa arabuni, maana yake Mungu ndiye aliyejifunga.

Lakini katika maneno yote naliona agano kuwa ndilo lenye hazina kubwa zaidi. Latokana na kuagana. Watu wawili wakipeana neno twasema wameagana. Na watu wawili wakiachana njia panda, mmoja akienda huku na mwenziwe kule, twasema vile vile wameagana. Mgeni wa lugha huweza kulalamika kwamba neno moja limebebeshwa mizigo miwili. Mimi naona mizigo hiyo ni mmoja. Apeanaye neno na mtu aliye mbele yake, naye hatamwacha kamwe, hana haja kubwa ya neno hilo. Haja ya agano huja pale ambapo mmoja ataondoka machoni, na mwingine atabaki, na kati yao hapana kitu cha kushika ila neno lililosemwa. Ndiyo hali ya wachumba. Na kwa imani ya Wakristo ndiyo hali ya Kanisa tangu Bwana alipopaa.

Wayahudi wa kale walizigawa ndoa zao katika hatua mbili. Kwanza ilikuwapo posa, iliyomfanya msichana kuwa mke kwa sheria ijapokuwa alikaa bado nyumbani kwa babaye. Baadaye ilikuja siku ya kuchukuliwa. Mishna, mkusanyo wa mapokeo yao ulioandikwa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, humpa bikira miezi 12 ya kujitayarisha tangu mume adaipo kumchukua. Kwa sababu hii twasoma katika Mathayo kwamba Yusufu, alipomwona Mariamu ana mimba kabla hawajakaribiana, alifikiri kumwacha kwa siri. Uchumba wao ulikuwa kifungo kisichofunguka pasipo talaka. Na Torati ilimsamehe vita mwanamume aliyeposa asiyeoa bado. Kifungo chote kipo, raha yake haijaja: ndio muda ambao Paulo aliutumia kuwaeleza Wakorintho hali yao, aliposema kwamba amewaposea mume mmoja.

Wamasai wa Kajiado hawakuhitaji Mishna ili wajue kwamba posa ni safari ndefu. Mposaji kwa desturi huleta zawadi moja baada ya nyingine, asali na tumbaku na mablanketi, na kati ya zawadi na zawadi yaweza kupita miaka. Wageni walioandika habari zao walihesabu ng'ombe, wakasema binti amenunuliwa. Hawakusikiliza watu hao waitanavyo. Katika Kimaasai aliyetoa ng'ombe wa jike na aliyempokea huitana kwa jina moja, Pakiteng. Na kama aliyetolewa ni kondoo huitana Paker. Jina la kuzaliwa huwekwa kando kwa heshima, na zawadi yenyewe hugeuka kuwa jina la pande zote mbili. Nani amepata kumwona mchuuzi na mnunuzi wake wakiitana jina moja maisha yao yote kwa sababu ya kibaba cha maharagwe? Bei ikilipwa watu hutawanyika. Mahari ikitolewa watu hufungamana. Hapa desturi ya Kimana yaweza kumfundisha mwanafunzi wa Biblia jambo ambalo vitabu vingi humpita nalo mbali: kwamba kilichotolewa katika agano hakimhamishi mtu kutoka mkono huu kwenda mkono ule, bali huwapa wawili jina moja.

Walakini uzuri wa desturi haujibu swali tuliloanza nalo. Mahari yaweza kuwa kubwa, na majina yakawa matamu, na wazee wakanywa wakaridhika, naye mwenyewe asiwe ameulizwa. Biblia haikuficha hatari hiyo. Katika kitabu cha Mwanzo mtu aliyeahidi mahari bila kikomo, akisema watake wapendavyo naye atatoa, ni Shekemu; naye ndiye aliyekuwa amemshika Dina kwa nguvu. Mwandishi wa habari ile alijua alichokuwa akifanya alipoweka mahari kubwa kuliko zote katika kinywa cha mtu huyo.

Kinyume chake yupo Rebeka. Mtumishi wa Ibrahimu alifika kisimani na ngamia 10, akampa pete na bangili za dhahabu, akaingia nyumbani, akakataa kula mpaka aseme haja yake. Labani na Bethueli wakakubali. Ni kweli kwamba walikubali kabla ya kumwuliza msichana, nasi tusiipambe habari hiyo kuliko ilivyoandikwa. Lakini asubuhi, palipotokea neno la kuondoka, walimwita wakamwuliza kwa kinywa chake mwenyewe kama atakwenda na mtu yule. Naye akajibu kwamba atakwenda. Rashi, mfasiri mkuu wa Torati aliyeishi Ufaransa na kufa mwaka 1105, alitoa hapo kanuni kwamba mwanamke haozwi ila kwa ridhaa yake. Swali moja fupi, jibu fupi zaidi, na juu yake nyumba nzima ya Israeli ikajengwa.

Desturi zetu nazo zina pembe ambamo swali hilo limehifadhiwa. Wakikuyu humwuliza binti mbele ya wazee kama pombe ya posa inywewe au isinywewe, na asipokubali vikombe hubaki chini. Kwa Wamasai bibi arusi, akisha kutoka kwa babaye bila kugeuka nyuma, akilifikia boma la mumewe husimama. Haingii. Wakwe humwahidi mbuzi, humwahidi ndama, humbembeleza, hata aridhike ndipo aingie. Huenda mtu akasema huo ni mchezo tu, kwa kuwa mambo yamekwisha kuamuliwa. Hata kama ni mchezo, ni mchezo unaokiri kwamba mlangoni pale palipaswa kuwa na jibu.

Sheria za nchi zimelisema jambo hili waziwazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeijenga ndoa juu ya ridhaa ya hiari ya wenye kuoana, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ikaweka umri usiopungua miaka 18. Sheria hiyo hiyo husema ahadi ya kuoa haimlazimishi mtu kuoa, ijapokuwa aliyepata hasara aweza kudai fidia. Ng'ambo ya mlima, Tanzania, sheria ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwanamke mmoja aliipeleka mashtakani, na Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikaushika uamuzi huo mwaka 2019. Mwanamke huyo aitwa Rebeca Gyumi. Majina nayo yana bahati zake.

Turudi kwa Mungu. Je, yeye aliuliza? Kitabu cha Kutoka husema kwamba pale Sinai Musa aliwapelekea watu maneno ya agano, nao wakajibu kwa pamoja kwamba watayatenda. Na jibu hilo lasimuliwa zaidi ya mara moja, kabla ya damu kunyunyizwa. Nabii Yeremia aliukumbuka wakati ule kuwa ni wakati wa uchumba jangwani. Hata hivyo wako Wayahudi walioona shaka. Katika Talmudi imo hadithi isemayo kwamba Mungu aliuinua mlima akauweka juu ya vichwa vya watu kama pipa lililogeuzwa, akawaambia wakubali, ama sivyo pale patakuwa kaburi lao. Papo hapo mwanachuoni mmoja alipinga kwamba, kama ni hivyo, watu wana hoja kubwa ya kulikataa agano. Akajibiwa na Rava kwamba walilikubali tena kwa hiari yao miaka mingi baadaye, siku za Esta, walipokuwa mbali na mlima wote. Naipenda hadithi hii kwa ujasiri wake. Watu walioiheshimu Torati kuliko uhai wao walithubutu kusema kwamba ndiyo iliyotolewa chini ya mlima haitoshi, na kwamba Mungu mwenyewe ilimpasa kungoja ndiyo nyingine.

Mtu aweza kuleta mbele yetu mfano wa karamu katika Luka, ambamo bwana huamuru watu walazimishwe kuingia. Agostino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, aliutumia mwanzoni mwa karne ya 5 kutetea nguvu za serikali juu ya Wadonato. Alikuwa mtu mkubwa, lakini katika hoja hii siwezi kumfuata. Katika karamu ile hata bibi arusi hatajwi. Wanaohimizwa ni wageni, tena maskini walioona haya kuingia katika nyumba ya tajiri.

Limebaki jambo gumu kuliko hayo, wala halikwepeki. Wengi wetu tuliahidiwa kabla ya kuwa na kinywa. Mtoto hubatizwa akiwa mikononi, na wazazi wake husema badala yake. Je, mzazi huyo ana tofauti gani na baba ampaye rafiki yake neno juu ya binti ambaye hajajua kutembea, au hata hajazaliwa, kama ilivyokuwa ikifanyika katika nchi hii ya Kajiado? Wote wawili wamesema kwa niaba ya asiyeweza kusema. Atakayejibu kwamba mmoja ni dini na mwingine ni mila hajajibu kitu.

Jibu nililolipata sikulipata katika kitabu cha theolojia. Huko Mosiro, upande wa magharibi wa Kajiado, mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianzishwa shule ya bweni ya wasichana iitwayo Naning'oi. Waliohusika na shule hiyo waliijua desturi ya kumposa binti akingali mdogo, nao hawakuitukana. Waliigeuza. Walimwendea baba kwa heshima na zawadi za kimila, wakamposa mtoto kwa ajili ya shule. Na baba akisha kupokea, neno lake likawa limefungwa, wala hapana mposaji mwingine ambaye angeweza kupewa binti huyo bila ya kumvunjia mzee heshima. Mtoto hakuulizwa hapo pia. Lakini tazama ahadi mbili hizi zinakokwenda. Ile ya kwanza humchukua binti mpaka mahali ambapo hata akiwa na akili za kujibu hataulizwa tena. Hii ya pili humlinda mpaka afike umri wa kuulizwa, akiwa ana elimu ya kujibia. Ndivyo ilivyo pia kwa ubatizo wa mtoto katika makanisa yanayoufanya: huja kipaimara, na kijana husimama kwa miguu yake akajibu. Ahadi iliyotolewa kwa niaba ya mwingine ni halali kwa kadiri imwachiavyo nafasi ya kuja kusema mwenyewe. Ikiifunga nafasi hiyo, ni wizi, hata kama aliyeitoa ni mzazi, na hata kama ametoa kwa machozi na sala.

Na nafasi hiyo ni nini, kama si muda? Hapa ndipo posa inapokutana na habari za siku za mwisho. Nabii Hosea alipomrudisha mwanamke aliyempotea alilipa fedha shekeli 15 na homeri moja na nusu ya shayiri. Akisha kulipa hakumchukua saa ile. Alimwambia akae siku nyingi, naye mwenyewe akae vivyo hivyo kwa ajili yake. Aliyelipa ndiye aliyengoja. Waraka wa pili wa Petro hulitumia wazo hilo kwa ulimwengu mzima: watu walipodhihaki kwamba Bwana amekawia, waliandikiwa kwamba kukawia kwake ni uvumilivu, ili wote wapate kufikia toba. Bwana arusi hakupotea njia. Amewaachia walioposwa muda wa kujibu.

Watu wasioweza kuuvumilia muda huo wamefanya mambo ya kutisha. Kule Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi moja walitangaza kwamba dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Haikwisha, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili iliyozidi 400, na mashtaka yaliyofunguliwa yalisema kwamba waumini walihimizwa kufunga chakula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Wengi wa wafu wale walikuwa watoto. Yesu alikuwa amesema kwamba siku ile hapana aijuaye, na katika mfano wa wanawali 10 bwana arusi alikawia hata wote wakasinzia, wenye busara na wapumbavu pia. Hakuna aliyelaumiwa kwa usingizi. Wale watoto wa Shakahola waliondolewa muda wao wote. Waliozwa, kama ni halali kulitumia neno hilo, na kaburi, wala hapana aliyewauliza.

Mwinjili Luka atueleza kwamba malaika alitumwa kwa bikira aliyeposwa, akasema aliyotumwa, na bikira akauliza swali. Malaika hakuudhika, alimweleza, akangoja. Bernard wa Clairvaux, mtawa wa karne ya 12, alihubiri kwamba katika kituo kile kifupi ulimwengu wote, na mbingu pamoja nao, ulisimama kulisubiri jibu la msichana. Kisha akajibu, na malaika akaenda zake.

Na mwenye kukisoma kitabu cha Ufunuo kwa makini ataona jambo la namna hiyo. Bibi arusi hutajwa katika sura ya 19, na kitani yake nzuri huelezwa. Katika sura ya 21 ashuka kutoka mbinguni amepambwa, na kuta zake zapimwa, na vito vyake vyahesabiwa kimoja kimoja. Muda wote huo ni wengine wanaomsema. Mpaka sura ya 22, imebaki mistari michache tu kitabu kiishe, ndipo yeye mwenyewe anapofungua kinywa pamoja na Roho, akamwita bwana arusi aje; na bwana arusi ajibu kwamba yuaja upesi.